Majaribio Tuliyoyaruka na Kumbukumbu Ambayo Mashine Haikuwa Nayo

Kwa muda wa karibu mwaka mzima, ripoti ya majaribio ya programu yetu ilinifikia kila asubuhi ikiwa na mistari 11 myekundu, yaani majaribio 11 yaliyofeli, nami nilizoea kuipita kama mtu anavyolikwepa shimo la barabarani analolijua. Ofisi yetu iko Mombasa, karibu na Mwembe Tayari, na kazi yetu ni programu ya kutunza rekodi za makontena na hati za shehena kwa mawakala wa forodha. Programu hiyo huiweka faharasa yake yote ndani ya kumbukumbu ya kompyuta badala ya kuisoma kwenye diski kila inapoulizwa, kwa sababu wakala ambaye lori lake limeshafika langoni Kilindini hana nafasi ya kusubiri. Ndiyo maana majaribio yetu mengi yanahusu kumbukumbu: yanaiomba, yanaijaza, yanaiachia, kisha yanahesabu kama yote imerudi.

Tulikuwa na mashine tatu za kujaribia, na hapakuwa na mbili zilizofanana. Moja ilikuwa seva ya mtumba yenye prosesa mbili, kila prosesa ikiwa na gigabaiti 8 za RAM upande wake. Nyingine mbili zilikuwa kompyuta za kawaida za mezani, moja ya gigabaiti 8 na nyingine ya gigabaiti 4. Tofauti hiyo hatukuichagua kwa makusudi, lakini ilitufaa, kwa kuwa wateja wetu nao hawana mashine za namna moja.

Ili mistari ile 11 ieleweke, inanipasa nieleze mambo mawili. La kwanza ni kwamba mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, huigawa kumbukumbu katika kurasa, na kwenye prosesa nyingi za kompyuta za mezani na seva ukurasa wa kawaida ni kilobaiti 4. Faharasa ya gigabaiti 4 basi ni kurasa 1,048,576, na prosesa, ambayo ina daftari dogo sana la kukumbuka ukurasa upi uko wapi, hulazimika kutafuta upya mara kwa mara. Mfumo endeshi wa Linux unaruhusu kurasa kubwa za megabaiti 2, na hapo faharasa ileile inakuwa kurasa 2,048 tu, na utafutaji unapungua mno. La pili ni kwamba kwenye seva yenye prosesa mbili, kila prosesa ina kumbukumbu iliyo karibu nayo na nyingine iliyo mbali, upande wa mwenzake. Kila upande huitwa nodi, na programu inayojali kasi huziweka data kwenye nodi ya prosesa itakayozitumia.

Tulikuwa na majaribio manne ya kupanga data kwenye nodi mbili, nayo yalifeli kila usiku kwenye kompyuta zote mbili za mezani, kwa kuwa kila moja ina nodi moja tu. Hayo ni manane. Matatu yaliyobaki yalitaka kurasa kubwa 512, yaani gigabaiti 1 nzima, na ile kompyuta ya gigabaiti 4 haikuweza kuzitoa. Kila mtu ofisini aliijua hesabu hiyo, na mgeni akiuliza habari ya wekundu aliambiwa kwamba hizo ni zile za kila siku, hazina neno.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Tulipoongeza njia mbadala ndani ya programu, ili kurasa kubwa zikikosekana itumie kurasa ndogo bila kusimama, tuliifanya kazi hiyo kwa haraka, na mahali pamoja tulisahau kurudisha kumbukumbu iliyoombwa kwa njia hiyo mpya. Kosa hilo lilionekana tu kwenye mashine isiyo na kurasa kubwa za kutosha. Mashine ya namna hiyo tulikuwa nayo, na jaribio la kuachia kumbukumbu lilikuwa likiendeshwa juu yake kila usiku. Lakini jaribio hilo lilikuwa jekundu tangu zamani, likabaki jekundu, na hesabu ikabaki 11. Mteja mmoja mwenye mashine ndogo alituarifu kwamba kila baada ya siku mbili au tatu programu inatoweka yenyewe usiku. Ilikuwa inakula kumbukumbu taratibu mpaka keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inaamua kuiua ili mashine iendelee kupumua. Niliporudi kwenye ripoti za nyuma nilikuta kwamba maneno ya mstari ule yalikuwa yamebadilika siku 16 kabla. Zamani uliandikwa kuwa kurasa 512 hazikupatikana. Sasa uliandikwa kuwa megabaiti 96 hazikurudishwa. Rangi ilikuwa ileile. Kwa siku 16 jaribio lilikuwa limetuambia kosa lenyewe kwa kiasi chake kamili, na hatukulisoma.

Siku hiyo tulikubaliana kwamba jaribio lisilowezekana kwenye mashine fulani lisiruhusiwe kufeli hapo. Lirukwe. Kulikubali jambo hilo kulichukua dakika chache, ila kulifanya sawasawa kulituchukua miezi.

Mwenzangu alianza kwa njia iliyoonekana nyepesi kuliko zote. Aliongeza sharti mwanzoni mwa kila jaribio kwamba kurasa zikiwa pungufu, jaribio liishe papo hapo bila kosa. Ripoti ya kesho yake ilikuwa kijani tupu, na sikumbuki kama kuna ripoti iliyowahi kunitia wasiwasi kuliko hiyo. Programu inayoisha bila kosa humrudishia aliyeiita namba 0, na kwa mwendesha majaribio, yaani programu inayoyaendesha na kuandika ripoti, 0 maana yake ni kwamba jambo limejaribiwa na limefaulu. Sisi tulikuwa tunatamka kwamba kompyuta ya gigabaiti 4 imepanga data kwenye nodi mbili, jambo ambalo haiwezi kulifanya hata ikibembelezwa. Watu waliotutangulia katika kazi hii waliliona tatizo hilo zamani, ndiyo maana kuna namba maalumu za kusema kwamba jaribio halikufanyika. Majaribio yanayokuja pamoja na keneli ya Linux hutumia namba 4, Automake, ambayo ni zana ya kujengea programu, hutumia 77, na mkusanyiko wa majaribio unaojulikana kama LTP hutumia 32. Namba zinatofautiana, lakini jibu la tatu lipo kila mahali, nalo si kufaulu wala kufeli. Tulichagua 4, na tukaweka sharti kwamba kila jaribio linalorukwa liandike sababu yake kwa sentensi kamili yenye kilichohitajika na kilichokutwa.

Baada ya hapo tulipoteza wiki kadhaa kwa orodha ya majina ya mashine, yaani jaribio hili lirukwe kwenye kompyuta ile na ile. Orodha hiyo ilikuwa ya uongo siku ileile tulipohamisha kipande kimoja cha RAM kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, kwani jina la kompyuta halibadiliki RAM yake inapobadilika. Tukaifuta, na tangu hapo jaribio huiuliza mashine yenyewe.

Hapa ndipo nilipojifunza mengi zaidi, kwa sababu kuiuliza mashine ina kumbukumbu gani si kazi rahisi kama inavyodhaniwa. Chukua kurasa kubwa. Unaweza kuiandikia keneli namba 512 katika faili la nr_hugepages, na uandishi ukakubaliwa bila lalamiko lolote, ilhali kurasa zilizotengwa ni pungufu. Keneli inahitaji vipande vya megabaiti 2 visivyokatika, na mashine iliyokaa siku nyingi bila kuzimwa huwa kumbukumbu yake imechanikachanika, nafasi ipo lakini imetawanyika. Nilikaa mbele ya ile kompyuta ndogo mchana mmoja, nikaandika 512, nikasoma faili lilelile, nikakuta 317. Niliandika tena, nikapata 322. Niliizima na kuiwasha, nikaandika mara moja, nikapata zote 512. Mashine ileile, RAM ileile, na jibu mbali na jibu. Kwa hiyo jaribio letu halitazami ukubwa wa RAM iliyonunuliwa, wala halitosheki na kuona kwamba maombi yamepokelewa. Linaomba, kisha linasoma kilichopatikana. Tena halisomi jumla tu: ndani ya faili la /proc/meminfo kuna mstari wa kurasa kubwa zote na mstari wa zilizo huru, na jaribio likisoma wa kwanza linaweza kudhani lina kurasa ambazo jaribio lililotangulia halijaziachia.

Nodi nazo zina mtego wao. Linux huorodhesha nodi zilizo hai, na mahali pengine huorodhesha nodi zenye kumbukumbu, na orodha hizo mbili hazilingani kila mara. Seva yaweza kuwa na prosesa mbili huku RAM yote imechomekwa upande mmoja. Hapo nodi ya pili ipo na prosesa yake inafanya kazi, ila ukiiomba keneli ikuwekee data huko tu, inakataa kwa kosa la kusema kwamba umeomba kitu kisicho na maana. Jaribio linalopanga data lazima lihesabu nodi zenye kumbukumbu, yaani faili la has_memory na si lile la nodi zilizo hai.

Jambo ambalo nimelishikilia kuliko yote, na ambalo bado nalitetea kila kijana mpya anapojiunga nasi, ni mahali swali linapoulizwa. Uwezo wa mashine huulizwa mlangoni, kabla kazi haijaanza. Kijana mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya miezi mitatu aliandika jaribio linaloomba kumbukumbu, na keneli ikijibu kwamba haipo, jaribio linajihesabu limerukwa. Aliniuliza kwa adabu, “Dada, si ni sawasawa? Kumbukumbu haikuwepo, tumesema haikuwepo.” Nilimwomba alirudie jaribio hilo kwenye seva yenye kurasa huru 2,000, baada ya kuharibu kwa makusudi mstari mmoja wa programu ili iombe mara kumi zaidi ya inavyohitaji. Keneli ikajibu kwamba kumbukumbu haipo, na jaribio likaandika kwamba mashine haina uwezo. Kosa letu wenyewe lilikuwa limesingiziwa mashine. Ukishauliza mlangoni na ukajibiwa kwamba kurasa 512 zipo na ziko huru, kisha ombi la kurasa 512 likakataliwa ndani, huko ni kufeli. Kijana yule alilibadili jaribio lake siku hiyohiyo, na nimeona tangu wakati huo kwamba yeye ndiye huwa wa kwanza kuuliza swali hilo anapopitia kazi ya wengine.

Kwa miezi kadhaa tulikaa vizuri. Ukurasa wa mbele wa ripoti ulionyesha majaribio yaliyofaulu na yaliyofeli, na yaliyofeli yalikuwa sifuri siku nyingi. Likifeli moja, watu walisimama kuliangalia. Kisha mteja mmoja mwenye seva ya prosesa mbili akalalamika kwamba toleo jipya ni zito kuliko la zamani. Tulipotazama mashine yake tuliona data zote zimerundikwa kwenye nodi moja, na prosesa ya pili inazifuata mbali kila inapozihitaji. Hilo ni jambo lililokuwa na majaribio manne, na hakuna hata moja kati ya hayo manne lililokuwa limefeli.

Nilikwenda kwenye seva yetu na kuiuliza habari ya nodi zake. Ilijibu kwamba nodi ya pili ina megabaiti 0.

Tulimwita fundi wetu, mzee ambaye ametengeneza kompyuta mjini tangu mimi niko shule. Nilimwamkia, akaitikia, akaiweka seva juu ya meza karibu na dirisha, akafungua kifuniko na kuchomoa vipande viwili vya RAM vya upande wa pili. Alivielekeza kwenye mwanga na kunionyesha. Meno ya kile kimoja, ambayo hupaswa kung’aa rangi ya dhahabu, yalikuwa na ukungu wa kijivu. “Hiki hakijafa, mwanangu,” aliniambia. “Kimeshika uchafu tu. Chumba chenu kiko wazi kwa upepo wa bahari, na chumvi haina pasipoingia.” Alitoa kifutio cha penseli mfukoni, akayasugua meno yale upande mmoja kisha wa pili, polepole, kwa mwelekeo mmoja, akapuliza, akachomeka mpaka vikasikika vikishika. Seva ilipowaka, nodi ya pili ilikuwa na gigabaiti zake 8. Usiku ule majaribio yote manne yalifeli, kama yalivyopaswa kufeli wiki tano zilizopita.

Nimelitafakari sana tukio hilo, kwa sababu hakuna jaribio lililosema uongo. Seva ilikuwa na nodi moja yenye kumbukumbu, jaribio lilihitaji mbili, likajiruka na kuandika sababu kwa sentensi kamili kama tulivyoagiza. Sentensi hiyo iliandikwa kila usiku kwa wiki tano, kwenye ukurasa ambao hakuna aliyekuwa akiufungua. Tulikuwa tumewaondoa wekundu waliotufanya tusisome, tukaweka mahali pao ukimya ambao nao ulitufanya tusisome. Kuruka kulikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa kwamba tulikubali kuruka popote, hata pale ambapo hapakupaswa kurukwa kamwe.

Tulibadili mambo mawili. Ukurasa wa mbele sasa unaonyesha hesabu tatu, na hesabu ya majaribio yaliyorukwa ikitofautiana na ya jana, hata kwa moja, ripoti inasimama mpaka mtu aandike kwa nini. Na kila jaribio linalotegemea kumbukumbu ya namna fulani lina mashine yake ya wajibu. Kwenye mashine hiyo kuna alama inayomwambia mwendesha majaribio kwamba hapa udhuru haukubaliwi: likijaribu kurukwa, lihesabiwe limefeli. Kwa majaribio ya nodi mbili mashine hiyo ni ile seva. RAM ikilegea tena, tutajua kesho yake asubuhi.

Upande wa pili wa jambo hili ni ile njia mbadala iliyotuumiza mwanzoni. Jaribio la kurasa kubwa likirukwa kwenye kompyuta ndogo, programu yenyewe hairukwi huko. Mteja anaitumia, nayo inapita kwenye kurasa ndogo. Kwa hiyo mahali ambapo jaribio moja linarukwa ndipo jaribio la njia mbadala lina kazi kubwa kuliko mahali pengine popote, na tumeyafunga pamoja: moja likirukwa, mwenzake ni lazima aendeshwe. Ninaona hili ndilo linalosahauliwa zaidi. Watu huandika kwamba mashine haina uwezo, wakaendelea na safari, kana kwamba hakuna mtu atakayeitumia programu kwenye mashine hiyo.

Mwaka uliofuata tuliongeza Raspberry Pi 5, kwa kuwa wateja wawili walitaka kifaa kidogo cha kuweka ghalani. Majaribio sita yalifeli siku ya kwanza, na mwenzangu alipendekeza yarukwe yote kwa sababu kumbukumbu ya kifaa hicho haiko kama tulivyozoea. Ni kweli kwamba mfumo unaokuja na kifaa hicho hutumia kurasa za kilobaiti 16 badala ya 4. Lakini nilipoyasoma majaribio hayo moja moja niliona kwamba matano yalikuwa na namba 4096, yaani baiti za ukurasa wa kilobaiti 4, iliyoandikwa kwa mkono ndani ya msimbo, mahali ambapo tulipaswa kuuliza mfumo ukubwa wa ukurasa wake. Huko si kukosa uwezo kwa mashine, ni dhana yetu iliyokosea, na tungeyaruka tungekuwa tumeliwekea kosa letu blanketi. Tuliyarekebisha matano. La sita lilikuwa la kupanga data kwenye nodi mbili, nalo lilirukwa kwa haki.

Wiki iliyopita mteja mmoja wa Changamwe aliniandikia kuuliza kama programu yetu inaweza kutumia kurasa za gigabaiti 1 kwenye seva yake mpya yenye gigabaiti 128. Msimbo wa kazi hiyo tunao, na jaribio lake tunalo. Linahitaji kurasa 24 za ukubwa huo, na seva yetu yote ina gigabaiti 16, kwa hiyo kila usiku ripoti yetu inaandika kwamba zinahitajika 24, zimekutwa 8, na jaribio limerukwa. Hakuna mashine yetu ambayo limewahi kuendeshwa hata mara moja. Nilimwandikia hivyo, nikaunakili mstari wenyewe wa ripoti ndani ya barua. Alinipigia simu jioni ileile, akaniuliza jaribio hilo huchukua muda gani. Nilimwambia dakika 40. Akasema Jumapili seva yake haina kazi, tukalete jaribio letu tuliendeshe kwake, na kurasa zitakuwa zimetengwa tangu mashine inapowaka. Tumepanga kwenda saa tatu asubuhi.